Wakazi wa Tangi Namba Mbili

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Leo nimeona! Miaka minne nimepiga deki kiwanda hiki cha mafuta ya parachichi. Wiki mbili zilizopita nikahamishiwa kwenye majitaka, nikajua nimeshushwa. Hyasinta, mlinzi wa uchafu — Makambako nzima itanicheka. Halafu leo Esnath, fundi wetu wa maji, akadondosha tone la tope la tangi namba mbili kwenye kioo, akaniambia niiname kwenye hadubini.

Wamo viumbe! Wengine wamesimama kwenye vikonyo kama maua, wanafumba na kufumbua midomo. Mmoja mnene anapita katikati yao kama mama mkwe harusini. Esnath anasema hao, na bakteria wadogo zaidi, ndio wanaokula uchafu wetu. Kazi yetu ni kuwapulizia hewa tu. Maji yanaingia meusi, yana mafuta, yananuka. Yanapita kwao, yanapita kwenye matete, yanatoka unaona kokoto. Nami siku zote nilidhani ni dawa! Mungu ana wafanyakazi wengi.

Jumatano, 9 Aprili

Meneja wetu, Bwana Ebeneza, katuita uwanjani. Mkaguzi wa maji anakuja Jumatano ijayo. Kibali cha kutiririsha maji kijitoni kinaisha mwezi huu. Uchafu usizidi gramu thelathini kwenye lita elfu. Simtanki zima la maji, uchafu wa kuenea kiganjani! Nani aliwaza kupima kitu kidogo hivyo? Kila mtu asafishe eneo lake, kasema. Esnath kaenda Njombe hadi Ijumaa. Eneo langu ni tangi namba mbili. Povu la kahawia limetanda juu, linatia aibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelisafisha. Ndoo mbili za klorini, ile tunayooshea sakafu. Povu limekwisha! Tangi linanukia hospitali. Mama alitulea hivyo: Askofu akija kigangoni, hata mawe ya njiani tunayasugua. Mgeni haoneshwi uchafu. Esnath akirudi atashangaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Kashangaa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kanusa, kachukua tone, kainama muda mrefu, kisha kanipisha. Maua yamelala. Hakuna kinachocheza, hata yule mnene. Nikasema mwenyewe: ni mimi, dada, nilikuwa nasafisha.

"Umeua wafanyakazi wa zamu zote," kasema. Basi. Nikaenda kulia kwenye matete kama mjinga.

Kafunga vali ya kijitoni kwa kufuli, ufunguo kanipa mimi. Mimi! Maji yote yaende bwawa la akiba, linabeba siku tano. Tupulize hewa mpaka klorini iishe, kisha tutafute mbegu ya tope hai, lenye viumbe kama hawa. Na niandike nilichofanya kwenye daftari la vipimo, kwa mkono wangu. Nimeandika. Mwandiko umepinda.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Baada ya misa nimeshuka kwa mama. Anakaa bondeni, chini ya kiwanda. Kabichi za kinyungu chake, kile kibustani cha kando ya maji, zinakunywa kijito kilekile. Naye pia anakunywa. Nimemweleza yote. Habari za tangi hakuzielewa, lakini nilipotaja klorini kanyanyuka, kachukua mbeta yake ya ulanzi, kile chombo cha mwanzi cha kukingia pombe, nyeusi ndani tangu nikiwa mtoto.

"Hii umewahi kuniona naiosha kwa sabuni?"

Sijawahi. Anasema ukiiosha hivyo, ulanzi unachelewa kuchacha, unabaki maji matamu. Kilichomo humo ndicho kinachofanya kazi. Kisha kaniuliza shule nilikwenda kufanya nini. Tumecheka, mimi machozi yananitoka. Hadubini hajaiona maisha yake yote, na anajua!

Jumatatu, 14 Aprili

Pikapu imeleta mapipa matatu ya tope kutoka kiwanda kimoja upande wa Njombe. Tope zito, linanukia udongo wa mvua. Nimelimimina taratibu, nikasali kidogo. Esnath anasema tusiwalishe sana, hawa ni wagonjwa. Uji kidogo kidogo.

Meneja kaja. Msimu umepamba moto, malori ya parachichi yamejipanga hadi barabarani, mashine hazisimami. Bwawa likijaa nifungue vali, anasema, mvua itayachanganya maji. Kisha kafunua daftari, kaona nilivyoandika klorini ya Alhamisi. Ukurasa huo uchanwe, kasema, tena kwa upole. Nikaitikia sawa, bosi. Sijachana.

Jumanne, 15 Aprili

Hadubini asubuhi: hakuna. Mchana: hakuna. Jioni kitu kimetikisika — au macho yangu. Mvua kubwa. Bwawa limebakiza shubiri moja.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya tangi.

Mkaguzi kaja saa tatu. Mama mfupi, kaja na gambuti zake mwenyewe. Rangi mpya ukutani hakuitazama. Kaenda moja kwa moja bwawani. Vidole vinne tu vimebaki. Meneja kaninong'oneza: fungua. Nikamjibu, na sikunong'ona, kwamba ufunguo ninao, lakini huko chini anakunywa mama yangu. Miaka minne sijawahi kumjibu! Mkaguzi kageuka.

Kaomba daftari. Alhamisi kaisoma mara mbili.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi, mama. Na niliyemwaga ni mimi."

Kaomba tone la leo, kainama kwenye hadubini. Dakika moja. Mbili. Meneja anakohoa. Esnath kanishika mkono, wake wa baridi kuliko wangu.

"Yupo mmoja," kasema mkaguzi. Kanipisha.

Yupo! Kwenye kikonyo chake, peke yake katika tone zima, anafumba anafumbua, anakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Ee Mungu, kadogo hivyo! Na mbele yake bwawa zima.

Sasa wako ofisini, wote watatu, wanaamua kibali, mlango umefungwa. Nasikia sauti ya meneja tu. Mvua imeanza tena. Vidole vitatu. Kutoka hapa juu namwona mama anashuka kijitoni na ndoo yake. Ufunguo umepata joto mkononi mwangu. Sijafungua.

Vidole viwili na nusu.