Pasi Haimfuati Mtu Mgongoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada mimi ambaye mtaa mzima huja kwangu kuomba msaada, maana mawaziri watatu wamevaa suti za mkono huu na mmoja alipojitazama kwenye kioo alinipigia saluti, na katika ukoo wetu hakuna ndoa iliyoyumba bila kuitwa mjomba fundi. Juzi kaniita dada yangu. Binti yake kamkimbia mumewe na jeraha nyuma ya bega, ncha ya pasi imejichora kabisa, na mume kakaa kwenye kochi anasema, "Kajiunguza mwenyewe akipiga pasi." Dada akanigeukia, "Kaka, wewe ndiye unayezijua pasi. Mtu anaweza kujiunguza hapo?" Mshauri, miaka thelathini nashona, najua hakuna anayepiga pasi kwa mgongo, lakini na mimi nina alama kama hiyo mgongoni, na siku zote nawahadithia kwamba niliilalia pasi baada ya kukesha siku nne na suti ya jenerali, ndugu wanaipenda sana hadithi hiyo, basi nikasema, "Inawezekana, mbona mimi yalinikuta?" Wakacheka. Binti hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Haya, mjomba." Jumapili anarudishwa. Nikisema kweli yake itabidi niseme na yangu, na mke wangu mwenyewe kwa urefu ananifikia hapa kifuani, watu watanionaje? Sikuilalia pasi. Mpaka leo mke wangu akiichomeka tu pasi kwenye umeme natoka nje, nasingizia kwenda kununua uzi. Nina uzi wa miaka kumi.

Mjomba Fundi

JIBU

Mjomba Fundi, pole. Kuunguzwa na mkeo si aibu yako, awe mfupi awe mrefu. Aibu yako ni ile "inawezekana". Umeulizwa ushahidi ukatoa hadithi, na hadithi hiyo ndiyo inayomrudisha binti kwenye pasi. Mawaziri na jenerali waache hukohuko. Jumapili usiisubiri. Nenda leo kwa dada yako, yule mume asiwepo, vua shati, waonyeshe mgongo, useme nani alishika pasi. Wakicheka, endelea kusema. Kisha mpelekeni binti hospitali, jeraha liandikwe, mkaripoti polisi. Na wewe, foleni hiyohiyo, uandikiwe lako. Asirudi kule hata kufuata nguo. Wewe nawe omba godoro kwa dada yako.

Kisingizio cha kutokea unacho. Mwambie mkeo unakwenda kununua uzi.