Jiwe la Bibi Kwenye Kabati la Kioo

Mpendwa mshauri, Mama Anastazia, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba sana usitaje jina langu redioni, maana mimi ni mtu wa aibu, hata shuleni nilikuwa najua jibu halafu nanyamaza mpaka mwingine aliseme. Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita na ninaishi Zuzu na bibi yangu mzaa baba, ambaye ni mfinyanzi wa vyungu.

Wiki iliyopita nilisikia kwamba kwenye makumbusho mjini Dodoma kuna maonyesho ya vito na madini, na kwamba mwananchi yeyote mwenye jiwe asilolijua alipeleke litambuliwe bure, nami nikakumbuka jiwe la bibi. Ni dogo kama yai la kanga, analitumia kusugulia vyungu mpaka ving'ae kabla ya kuvichoma, na alipewa na mama yake siku alipoolewa kutoka upande wa Haneti, na mama yake naye alipewa na mama yake. Haliazimwi kwa mtu yeyote, bibi anasema ukiazimisha jiwe lako umeazimisha mkono wako, ila mimi ameniahidi kwamba siku vidole vyake vikichoka litakuwa langu. Basi nililiosha tope, nikalifunga kwenye kitambaa, nikaondoka bila kumwambia, nikijua nitarudi kabla hajalihitaji.

Mama, sijui nikueleze vipi nilichokiona kule. Kuna chumba chenye giza kidogo na taa ndani ya makabati ya vioo, na katika kila kabati kuna kitu kilichokaa ardhini siku zote hizo bila kuonwa na jicho la mtu, ulanga uliopangana karatasi juu ya karatasi kama Biblia nene, rubi zilizozama ndani ya jiwe la kijani kama mbegu kwenye tikiti, tanzanaiti ambayo ukisimama huku ni ya bluu na ukizunguka inakuwa zambarau, na mtaalamu wa miamba, Bwana Octavian, akatuambia kwamba miamba ya huku kwetu, hata ile tunayoanikia mtama, ina zaidi ya miaka bilioni mbili. Nilifikiria mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu, ambao nimekuwa nikiutelezea tangu utotoni mpaka nikachana sketi mbili za shule, nikatamani kurudi kuuomba radhi.

Zamu yangu ilipofika Bwana Octavian aliliweka jiwe la bibi juu ya taa ndogo, na mwanga ukapita ndani yake, Mama, lile jiwe la tope likawaka kijani kama majani ya kwanza baada ya mvua, na watu waliokuwa nyuma yangu wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Akasema, "Binti, hii ni krisopresi, jamii ya akiki. Rangi yake inatokana na madini ya nikeli. Lakini hebu shika hapa." Upande mmoja ni bapa na laini kuliko kioo. "Huu haukukatwa kwa mashine. Umelika pole pole kwa miaka mingi. Nani amelisugua hivi?" Nilijua jibu. Nikanyamaza. Akauliza kama jiwe ni langu, nikaitikia kwa kichwa, akaomba libaki kabatini hadi maonyesho yafungwe Jumapili, nikaitikia tena kwa kichwa, wakanipa stakabadhi na wakaandika kadi, "Limeletwa na," halafu jina langu. Nimerudi mara mbili kulitazama, na ukweli ni kwamba nilifurahi kuona watu wanainama mbele ya jina langu, na sikutaka lirudi kwenye tope.

Sasa bibi ana vyungu kumi na kimoja ambavyo lazima visuguliwe vikiwa bado na unyevu na vichomwe kabla mvua hazijaanza, anavifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na mawingu ndiyo hayo. Ametafuta jiwe mpaka kwenye viota vya kuku. Jirani yetu Bibi Dorkasi, mfinyanzi mwenzake, aliwahi kuliomba mwaka jana akanyimwa, basi juzi bibi akasema kwa sauti wakati Bibi Dorkasi anapita, "Aliyeliomba jiwe hakai mbali." Bibi Dorkasi akasimama akasema, "Mama Stanley, miaka thelathini nakula ugali wako, leo unaniita mwizi kwa ajili ya jiwe?" Bibi akajibu, "Sijakuita. Umeitika mwenyewe." Tangu hapo hawasalimiani. Kipindi chako walikuwa wanakisikiliza pamoja kila Jumamosi wakikanda udongo na kuwacheka wanaokuandikia, sasa kila mmoja atasikiliza kwake. Nikisema ukweli bibi ataniona mwizi na Bwana Octavian ataniona mwongo. Nifanyeje?

Msichana wa Zuzu

*

Marahaba, mwanangu. Jina lako sijalitaja. Ila la Bibi Dorkasi umeliacha wazi, na sidhani kama wafinyanzi wa Zuzu wenye jiwe la kijani wanajaza lori. Ungetaka siri ungenipigia simu. Umeandika kwenye kipindi ambacho bibi yako hakikosi, kwa hiyo nadhani moyo wako ulijua unachoomba.

Kustaajabu si kosa. Mimi mwenyewe nimeisoma barua yako mara tatu, na leo asubuhi nimelitazama jiwe linalozuia mlango wangu kwa heshima mpya. Lakini jiwe uliahidiwa, hukupewa. Na aibu ina mpaka wake: mwingine akibeba lawama yako, kunyamaza kwako ni uongo, hata kama hujafungua mdomo.

Sikiliza. Yule mtaalamu amezungukwa na vito vya kila rangi, akaacha yote akauliza kuhusu ule upande uliolika. Alikuwa ameshika kazi ya wanawake watatu kiganjani mwake na hakuwajua. Chumba kizima kile, mwenye jibu ulikuwa wewe peke yako. Kesho ni Jumapili, siku ya mwisho. Chukua stakabadhi, nenda na bibi yako, mpeleke mpaka mbele ya kabati, afumbe macho kidogo kisha afumbue, alione jiwe lake likiwaka. Halafu mwambie Bwana Octavian, kwa mdomo, si kwa kichwa, nani amelisugua. Kadi iandikwe upya. Jiwe lirudi nyumbani siku hiyo hiyo, vyungu kumi na kimoja vinasubiri, na utavisugua wewe huku bibi akikuelekeza.

Hiyo ni kesho. Ya leo ni hii. Najua redio imewashwa, na najua bibi yako ameacha kukanda udongo tangu aliposikia neno Haneti. Usiizime. Mtazame. Sema, "Bibi, ni mimi." Ni maneno matatu tu. Kisha vukeni uani nyote wawili mkamwombe msamaha Bibi Dorkasi, na mfanye haraka, maana naye ananisikiliza, na nadhani ameshasimama mlangoni.