Mashine ya Shangazi Imenitaja

Shoga, nizike tu.

Ile mashine ya mauzo ya dukani kwa shangazi, kompyuta ya ajabu ajabu, leo nilikuwa naiwekea Linux, mfumo mpya wa kuiendesha. Kioo kikagoma kuwaka, nikawasha ile sauti yake ya kusoma: inatamka kila unachoandika.

Ikauliza kompyuta iitwe nani. Nikaandika “Fundi wangu”. Nilisahau imeunganishwa na spika za duka.

Ikatamka. Wateja wote wakageuka. Na yule fundi ninayekusumbua naye kila siku yupo pale pale, kichwa ndani ya friji.

Shangazi: “Fundi wa nani?”

Mashine ikarudia: “Fundi wangu. Ni sawa?”

Nikabonyeza ndiyo.

Fundi akatoa kichwa. “Shangazi, friji imepona. Ila kesho nitarudi kuiangalia.”

Imepona, shoga. Anarudi kuangalia nini?