Nasaba ya Gaduud

Baba Sahra, salaam alaikum, wewe na huo mguu wako uliofungwa plasta.

Nakuandikia kutoka Habaswein nikiwa na vumbi hadi masikioni, na kadi hii nampa dereva wa lori la mbuzi kwa sababu simu yako haipatikani. Jike nimemwona. Ni mbegu ileile ya zamani ya farasi wadogo wa Kisomali, mweupe, mkorofi, na ameshakula ncha ya mtandio wangu. Mwenyewe, Mzee Abdille, alinikaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia, kisha akauliza, "Hiyo dume yenu, Gaduud, baba yake nani?"

Nikajibu baba yake alikuwa farasi.

Hakucheka. Alinitajia mababu wa jike wake mmoja baada ya mwingine mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Mama, mimi siwezi kupa binti yangu kwa mtu hana nasaba." Binti! Kumbe nimekuja kuposa, na wewe hukunifundisha hata jina la babu wa bwana harusi! Na unajua kabisa kwamba bila jike huyu mbegu yetu inaishia kwa Gaduud.

Washa simu, mume wangu, umtajie Mzee ukoo wote. Ila ukifika kwa yule babu aliyevuta mkokoteni wa maji pale sokoni Masalani, kohoa kidogo, upite.

Nakupenda, ingawa leo kwa shida.

Mama Sahra