Kura ya Mtani

Mtani wangu Yona,

Salamu kutoka Kinampanda. Sikuulizi hali, maana najua ungenijibu nini: "Aliyekufa anaulizwa hali? Hawa Wanyaturu bwana!"

Mvua za mwaka huu zimekuja vizuri. Mkeo, Mama Elipendo, amelima alizeti mpaka kule kwenye kichuguu ulikokuwa ukisema hakuoti kitu. Imeota, tena imekubali. Kwa hiyo hata hapo ulibisha bure. Kuku wake wameongezeka mpaka wanahamia kwangu, na mimi siwarudishi haraka. Haki yangu ya utani naila hata kama umeniacha. Ila nikuambie ukweli, jioni ni ngumu. Nakaa kibarazani peke yangu, sina wa kumtukana. Siku moja nikajaribu kumtania mchungaji wenu, akanijibu kwa mstari wa Biblia, mimi Mwislamu wa watu. Nikaaga nikaenda kulala.

Lakini si hayo yaliyonishikisha kalamu. Nina habari za Elipendo wako.

Uliondoka ukijua binti yako ni diwani huko jijini alikoolewa. Uchaguzi ulipokuja akaipata tena kata yake, kisha akachukua fomu ya umeya. Huko meya hachaguliwi na watu wote. Madiwani hukaa wenyewe wakamchagua mmoja wao. Na wewe ukadhani alikuwa peke yake? Thubutu! Ndani ya chama chao tu walijitosa tisa. Meya aliyemaliza muda wake bado alikitaka kiti. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, kulikuwa na tajiri mmoja mwenye mabasi, na wengine hata sababu ya kugombea hawakuwa nayo. Elipendo akanipigia simu. "Baba, baba hayupo. Njoo ukae badala yake." Ningekataaje? Nikavaa koti la Idi, nikapanda basi pale Kiomboi.

Nilipofika nikakuta maneno yamejaa mji mzima kwamba huyu mama ni wa kuja. Washauri wake walimtaka ajitambulishe kwa jina la mumewe tu, ukoo unaojulikana pale mjini, na habari za kwao aziache. Hata mkweo alimwambia hivyo, kwa nia njema kabisa. Elipendo alisikiliza, hakusema ndiyo wala hapana. Kushindwa kungeniuma, lakini je, akikukana? Ningerudi Kinampanda nipite kwenye kaburi lako nikiwa na uso gani?

Siku ya kura ya madiwani wa chama chao, sisi ndugu tulikaa nje ya ukumbi, chini ya turubai. Vipaza sauti vikatuletea kila neno. Wagombea walipanda mmoja mmoja kujieleza, na wengi walikuwa na Kiswahili cha kuchosha. Ikafika zamu yake.

"Naitwa Elipendo Yona. Kwetu ni Kinampanda, Iramba, mkoa wa Singida."

Nikajipiga paja kwa furaha. Lakini kabla hajaendelea, yule mwenye mabasi akadakia: "Singida? Sasa jamani, leo tunachagua meya au tunanunua kuku?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kwao Singida ni kuku tu. Nilisimama, fimbo mkononi. Kama si mkweo kunishika, sasa hivi ungekuwa unapata habari zangu kutoka polisi.

Halafu nikasikia mtu anacheka kwenye kipaza sauti, kicheko kile kinachoanzia puani. Chako! Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akasema:

"Mheshimiwa, kumbe wewe ni mtani wangu na hukuniambia. Ni kweli, mimi nimesomeshwa na kuku. Baba aliwapakia kwenye tenga, tukaenda kwa baiskeli mpaka stendi ya Kiomboi, na mimi nimekaa mbele kwenye bomba. Sasa kwetu, mtani akikuchezea mbele za watu, analipa. Hela yako sitaki, na basi lako baki nalo. Nakudai kura."

Ukumbi ukacheka tena, safari hii upande wake. Na mimi nikakaa chini. Unajua alijifunzia wapi maneno yale? Kibarazani kwangu. Wake zetu walikuwa wakisema tunapoteza muda kwa matusi, naye Elipendo yuko pale anachambua mchicha na kusikiliza. Kwa hiyo nusu ya sifa ni yangu, na leo huwezi kubisha.

Kura za kwanza, hakuna aliyevuka nusu. Wakabaki wawili, Elipendo na yule meya wa zamani. Mwenye mabasi alikuwa ametupwa nje, nikasema basi, huyu sasa atamwaga sumu. Akaomba kusema. "Mimi nina deni la utani," akasema, "nalilipa leo. Na ninyi mlionipigia, nisaidieni kulipa." Walimsaidia. Binti yako akapita, na baraza zima lilipokaa likamthibitisha.

Sikuondoka mpaka siku ya kuapa. Jina lake liliposomwa, na lako likafuata hapohapo, watu wote walisimama, Yona. Madiwani, wakubwa wa serikali, wageni, wote. Nilijisikia fahari mpaka kifua kikauma.

Akavishwa joho, akavishwa mkufu. Wakubwa walijipanga kumpa mkono. Aliwaomba wasubiri, akashuka jukwaani, akaja mpaka viti vya nyuma nilikokaa, akapiga goti mbele yangu na joho lake lile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikaitikia. Nikaona haitoshi. "Marahaba," nikasema tena.

Waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani mzee masikio yameziba. Elipendo hakucheka. Alinishika mikono yote miwili akalia.

Basi pumzika, mtani. Nakuahidi hivi: maadamu nina pumzi, kila binti yako akiniamkia nitaitikia mara mbili. Ya kwanza yangu. Ya pili naitikia kwa niaba yako.

Ni mimi Mnyaturu wako,
Ramadhani