Sekunde Ishirini Nilizozifunga Mimi

Alhamisi, Desemba 1998. Shinyanga. Mvua haijakatika tangu juzi, nami sina hamu ya kula.

Nimerudi jioni kutoka zahanati moja upande wa Geita, karibu na mashimo ya wachimbaji wadogo. Wana kompyuta inayotuma ujumbe hospitali ya wilaya kwa laini ya simu. Ile sehemu ya programu inayopiga simu na kusubiri jibu niliiandika mimi. Programu za zahanati zote zinaitegemea. Humo ndani nilifunga namba ambazo mtumiaji hawezi kuzibadilisha: isubiri sekunde ishirini, ijaribu mara tatu, ikikosa iache.

Wiki iliyopita shimo liliporomoka. Mchimbaji mmoja, Masanja, alitolewa akiwa hai, damu inavujia ndani. Muuguzi, Mama Kulwa, akaomba gari la wagonjwa kwa kompyuta. Mvua ilikuwa imeharibu laini, hospitali inachelewa kuitika. Programu yangu ikakata kabla hawajaitika. Akaanza upya, ikakata tena. Mwishowe akamtuma mtu kwa baiskeli.

Gari lilifika Masanja ameshafariki.

Leo nilikwenda kurekebisha. Nilimwamkia Mama Kulwa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, mwezi wa nne nilikuomba uniachie nibadilishe muda huo mwenyewe. Ukasema nitaharibu."

Ni kweli, nilisema hivyo.

Nikaiwasha kompyuta. Nikazitoa zile namba ndani ya programu, nikaziweka kwenye faili dogo ambalo kila zahanati inaweza kulifungua na kuandika za kwake. Mama Kulwa akavuta kiti, akaandika mwenyewe: sekunde tisini, mara kumi. Tukajaribu. Hospitali iliitika sekunde ya hamsini na kitu.

Hakufurahi. Alisema mke wa Masanja bado huja kuuliza ilikuwaje, naye humwambia ni mvua.

Hata mimi niliandika hivyo kwenye ripoti ya ofisi. Mvua, laini mbovu.

Sijui kama gari lingewahi. Labda angefia njiani. Nimejiambia hivyo safari nzima kwenye basi, haikusaidia.

Kesho nampelekea bosi ripoti nyingine. Nitaandika kwamba niliombwa, nikakataa. Halafu nitarudi kule nimweleze mjane yule kwa mdomo wangu, kama atakubali kunisikiliza.