Jina Mlilobandika Mlangoni

Kagerankanda

Mdogo wangu Venanti,

Hatujambo. Mguu wa mama umepungua kuvimba, na maharage tumeshayapura.

Jana mimi na shemeji yako William tulikusikia redioni, wewe na wanafunzi wenzako mlioshinda shindano kule Kibondo kwa mfano wa zahanati ya kuhamishika. Ulieleza vizuri jinsi kuta zinavyokunjwa na pikipiki inavyoivuta hadi kwa mama mjamzito. Nilipiga vigelegele. Mtangazaji akauliza inaitwaje.

"Generosa," ukasema. "Jina la mtoto wa dada yangu, mtoto aliyefia njiani kwenda hospitali."

Venanti, mtoto yule tulimzika bila jina. Jina hilo nilimpa moyoni, nikakuambia wewe peke yako, ukaapa kunitunzia. Nilikuwa nangoja siku nitakayoweza kumwambia William bila kulia. Siku hiyo umeniibia.

William alizima redio. "Kumbe binti yangu ana jina," akasema, "na mimi baba yake nalisikia pamoja na majirani?"

Tangu jana hajanisemesha.

Zahanati ijengeni, watu wanaihitaji. Lakini jina mlilobandika mlangoni libandueni. Sikukupa uligawe.

Ni mimi dada yako,
Immakulata